Orodha Nyuma ya Bahasha

Nimeipanga mara ya nne sasa
nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
kwa kalamu ya Jagoda ya rangi ya zambarau,
maana nyingine zote humu ndani zimekauka wino.

Jumapili ya Pasaka, saa tano asubuhi,
wakitoka kanisani na baridi ya Lublin mashavuni:
si kifungua kinywa, si chakula cha mchana,
ni kile cha katikati, kinachoanza na yai
na kuishia mtu kulala kochini na viatu.

Watu tisa. Hapana, kumi.
Radek anakuja na mchumba,
naye, kwa ujumbe wa saa sita usiku,
hali nyama, hali samaki, mayai anakula
ikiwa kuku wana furaha.
Furaha ya kuku nitaijulia wapi?
Nimeandika: mayai, muulize Bi Zofia sokoni.

Shangazi Bronka ataleta heringi zake
hata nikimtumia wakili kumzuia.
Mtoto wa Teresa, lozi ikimgusa, midomo huvimba,
basi keki ya lozi nimeipiga mstari,
kisha mstari wa pili, nisije nikajidanganya.
Soseji nyeupe, mita mbili.
Paja la nguruwe la moshi, na haradali.
Mkate wa rai wenye ganda gumu,
ule ambao mama aliugonga kwa kidole
kama anayebisha hodi,
akasikiliza kama kuna mtu ndani.

Kisha B.

Sikuthubutu kuandika zaidi ya herufi hiyo.
Tangu Novemba, tangu kiharusi,
koo la baba ni mlango wa bawaba mbovu:
maji huenda yasikotakiwa,
chembe ya mkate humtoa machozi.
Wasema ulimi hauna mfupa.
Wake umeota mfupa, na mfupa wenyewe umeteguka.
Muuguzi alituachia karatasi:
kiwe laini, kiwe kizito, kisiwe na chembe.

Krismasi tulimpa bakuli lake pembeni
na kijiko cha plastiki,
sisi tukatafuna.
Bado naisikia ile sauti, meno yetu yote.
Yeye alitazama dirishani mpaka tukamaliza,
kama mtu aliye kituoni
basi la wenzake likipita.

Nimeigeuza bahasha.
Mbele, chini ya anwani yetu, pana nafasi kidogo.

Supu chachu ya rai, ichujwe, ishike kijiko.
Mayai yavurugwe kwa siagi na malai, taratibu,
yaepuliwe kabla hayajaamua kuganda.
Viazi vipondwe. Vipondwe tena.
Jibini tamu ya Pasaka, zabibu zisitiwe.
Mwanakondoo wa siagi abaki, atayeyuka mwenyewe.
Heringi za Shangazi: kwenye mashine ya kusagia.
Mungu anisamehe, Bronka hatanisamehe.
Soseji? Nitasema bucha lilifungwa.
Mabakuli kumi ya aina moja.
Vijiko kumi, vile vya fedha vya mama,
na kisu kisionekane mezani.

Jagoda amekuja kudai kalamu yake.
Ana miaka tisa, husoma kila kitu,
hata maandishi ya chupa ya dawa ya meno.
“Mama, hiki chakula cha vibogoyo.”
“Ni mtindo mpya,” nikamwambia, “wa Ufaransa.”
Akaisoma tena, midomo ikitembea.
Akaigeuza bahasha, akaiona ile herufi
imekaa peke yake chini ya mkate.

Hakusema neno. Aliniondolea kalamu mkononi,
akaongeza herufi tatu, *a*, *b*, *u*,
akapuliza wino ukauke.
Kisha, chini kabisa, kwa mwandiko wa kulala:
chokoleti ya moto. Nzito.
Wote.